Kupaka rangi kuta ndefu za juu ya ngazi nyumbani kwa usalama

Katika nyumba nyingi za ghorofa hapa Mombasa upo ukuta mmoja ambao rangi yake imechakaa kuliko ya kuta nyingine zote, nao ni ule ulio juu ya ngazi. Vyumba hupakwa upya harusi inapokaribia, sebule hubadilishwa rangi kabla ya Idi, lakini ukuta unaopanda kutoka sakafu ya chini hadi dari ya ghorofani huachwa na utando wake wa buibui na madoa yake ya koga, kwa sababu kila anayeutazama hujiuliza atasimama wapi. Swali hilo ndilo kazi yenyewe. Rangi inapakwa vilevile kama ya chumbani. Kigumu ni kupata mahali pa kusimama palipo imara juu ya vidato visivyolingana kimo, na kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kusimama.

Kwa kuwa neno ngazi kwetu hubeba maana mbili, humu nitasema "ngazi ya nyumba" kwa ile iliyojengwa, "ngazi ya kuegemeza" kwa ile ndefu inayobebwa, na "ngazi ya miguu minne" kwa ile inayofunguka na kusimama yenyewe. Ngazi ya nyumba ina vidato. Ngazi ya kubeba ina vipandio.

Miaka michache iliyopita, nilipokuwa nikipaka ukuta wa ngazi ya nyumba yetu, niliegemeza ngazi kwenye ukuta wa ubavuni, mguu mmoja ukiwa kwenye kidato cha juu na wa pili juu ya matofali mawili niliyoyapanga kwenye kidato cha chini yake ili miguu ilingane. Nilipanda, nikapaka kwa muda wa kama robo saa, na ngazi haikutikisika hata kidogo. Kisha nikanyoosha mkono kufikia kona, uzito wangu ukahamia upande wa matofali, na tofali la juu likateleza juu ya la chini kwa sauti ya kukwaruza. Mdogo wangu aliyekuwa ameishika ngazi kwa chini hakuweza kuizuia. Mimi nilivunjika kifundo cha mkono, naye akapasuka nyusi kwa kopo la rangi lililotangulia kuanguka. Uani palikuwa na mbao na kamba za kutosha kutengenezea jukwaa, na kazi hiyo ingetuchukua saa moja.

Kupima na kuchagua wakati

Anza kwa kujua urefu wa ukuta kabla ya kununua au kuazima chochote. Hesabu vidato vya ngazi ya nyumba, pima kimo cha kidato kimoja, zidisha, kisha ongeza kimo cha kutoka sakafu ya ghorofani hadi dari. Ngazi yenye vidato 17 vya sentimita 17 kila kimoja hupanda mita 2.9 hivi, na ukiongeza mita 2.7 za ghorofani unapata ukuta wa takriban mita 5.6. Kimo hicho kinazidi mara tatu urefu wa mtu mzima, na anayeanguka hapo haangukii sakafu tambarare bali kwenye ncha za vidato.

Kuhusu rangi, lita moja ya rangi ya maji hufunika mita za mraba 10 hivi kwa mkono mmoja, yaani ukipakwa mara moja, kwenye ukuta laini, na hupungua ukuta ukiwa na mikwaruzo. Kuta za ngazi zenye jumla ya mita za mraba 40, zikipakwa mikono miwili, zitakula lita 8, yaani makopo mawili ya lita 4. Nunua yote kwa pamoja ili rangi isitofautiane, na uchague ile inayooshwa, kwa sababu ukuta wa ngazi hushikwashikwa kila siku.

Miezi ya masika, Aprili na Mei hasa, haifai, kwa kuwa ukuta huvuta unyevu na rangi hukawia kushika. Januari, Februari na mwanzo wa Machi, kaskazi inapovuma na mvua zimekatika, ndio wakati mzuri, ingawa joto la ghorofani ni kali, kwani hewa ya moto hupanda kupitia uwazi wa ngazi na kukusanyika chini ya dari pale pale utakapokuwa umesimama. Fanya kazi ya juu asubuhi, tangu mwanga unapotosha hadi saa nne, kisha uteremke. Wanaokusudia nyumba iwe imependeza siku ya Idi nawasihi wapake katika Shaabani. Kupanda juu ukiwa umefunga, koo limekauka na jua limepanda, ni kukaribisha kizunguzungu mahali ambapo kizunguzungu hakisamehe, na kupaka usiku baada ya tarawehe hakusaidii, kwa sababu mwanga wa taa hutupa kivuli chako juu ya kipandio unachotafuta kwa mguu.

Yale usiyohitaji kupandia

Kabla ya kufikiria jukwaa, funga rola kavu kwenye mpini wa kurefusha wa mita 2 au 3, simama juu ya kila kidato, na uone rola inafika wapi. Mtu wa kimo cha kawaida, akiwa amesimama imara na mpini umenyooshwa, hufikia mita 4 na zaidi juu ya nyayo zake. Tia alama ya penseli pale rola inapokomea. Wengi hushangaa kuona kwamba sehemu kubwa ya kuta za ubavuni hufikiwa hivyo, na kinachobaki ni ukanda wa juu pamoja na kona za dari. Kila mita ya mraba unayoipaka ukiwa umesimama kwenye kidato ni mita ambayo hukuipandia.

Hata hivyo, mpini nao una hatari yake. Anayepaka kwa mpini huangalia juu, na mwili wake hutaka kurudi nyuma ili aone vizuri, ilhali nyuma yake hakuna sakafu. Weka kanuni ya kutoondoa mguu kwenye kidato mpaka rola iwe imeteremshwa na macho yako yametazama unakokwenda.

Ngazi ya kuegemeza na mahali pa mguu wake

Mguu wa ngazi ya kuegemeza huteleza kwenda mbali na ukuta ulioegemewa. Ukilishika jambo hili moja, utajua mwenyewe pa kuiweka. Chukua ukuta wa mbele, yaani ule unaokukabili unaposhuka ngazi ya nyumba. Ukiegemeza ngazi kwenye ukuta huo, mguu wake ukikaa kwenye kidato, utataka kuteleza kuelekea ghorofani, na hapo utakuta uso wa wima wa kidato kinachofuata, ambao utauzuia. Ngazi ya nyumba yenyewe imekuwa kabari. Ukiigeuza na kuiegemeza upande wa ghorofani, mguu utataka kuteleza kuelekea ukingo wa kidato, na baada ya ukingo hakuna kitu. Kwa hiyo egemeza kwenye ukuta wa mbele pekee, sukuma miguu yote miwili hadi iguse uso wa kidato cha nyuma, na uhakikishe kwamba yote miwili iko kwenye kidato kimoja.

Kuta za ubavuni hazifai kabisa kuegemezewa ngazi ya kawaida. Kidato cha kawaida kina upana wa sentimita 25 hadi 30, na ngazi nyingi zina upana wa sentimita 40 au zaidi, kwa hiyo miguu miwili haiwezi kutosha ubavu kwa ubavu juu ya kidato kimoja. Hapo ndipo watu huanza kutafuta matofali, kigoda, debe au kitabu kinene. Zipo ngazi za kukunja ambazo miguu yake hurefushwa kwa tofauti na kufungwa kwa pini. Hizo zimetengenezwa kwa kazi hii, na anayeweza kuazima moja afanye hivyo. Kitu kilichopangwa chini ya mguu wa ngazi, kiwe kizito namna gani, hakina pini.

Mwinamo nao una kipimo: kwa kila mita 4 za kimo mpaka pale ngazi inapogusa ukuta, mguu uwe umbali wa mita 1 kutoka ukutani. Ikisimama wima kuliko hapo itakuangusha kinyumenyume, na ikilala zaidi itateleza. Usisimame kwenye vipandio vitatu vya juu kabisa, wala usiegemeze ngazi kwenye kishikio cha ngazi ya nyumba, ambacho kimewekwa kubeba mkono. Katika nyumba zenye tarazo au vigae, kagua raba za miguu ya ngazi kwa kidole. Raba iliyokauka kwa hewa ya chumvi huwa ngumu na kung'aa kama plastiki, na haishiki tena, badilisha.

Jukwaa

Kwa ukanda wa juu, jambo salama zaidi linaloweza kufanywa nyumbani ni jukwaa la mbao lenye ncha moja juu ya kipandio cha ngazi ya kuegemeza, iliyowekwa kama nilivyoeleza, na ncha ya pili juu ya kipandio cha ngazi ya miguu minne iliyosimama kwenye sakafu ya ghorofani, au juu ya sakafu hiyo yenyewe ikiwa vimo vinalingana. Ngazi ya miguu minne ifunguliwe mpaka mwisho na kufuli zake zikaze, na mbao zilale kwenye kipandio cha katikati, kamwe zisilale juu ya kichwa chake.

Chagua mbao mbili za upana wa inchi 9 na unene usiopungua milimita 38, ili zikilazwa pamoja zitoe njia ya sentimita 45 hivi. Boriti za mikoko ni imara, nazo zimebeba dari za Mji wa Kale kwa vizazi vingi, lakini ni za mviringo na hazifai kukanyagwa. Kagua kila ubao pande zote mbili, utafute nyufa, mafundo makubwa yanayokata upana wake, na unga laini unaoonyesha wadudu. Kisha ujaribu. Laza ubao juu ya matofali mawili yaliyo sakafuni, yakiachana kwa umbali ule ule utakaokuwa juu, simameni watu wawili katikati, mdundedunde taratibu na msikilize. Ubao mzima hupinda na kurudi kimya. Ule unaolia kama kijiti kinachovunjwa, au unaobaki umepinda baada ya ninyi kushuka, upelekeni jikoni ukawe kuni.

Umbali kati ya nguzo mbili za ubao wa milimita 38 usizidi mita 1.5. Ukizidi hapo, panga mbao mbili juu ya nyingine mbili au weka nguzo ya katikati. Ukizidi mita 2.5, kama ilivyo katika nyumba zenye ngazi moja ndefu isiyopinda, kazi hiyo imeshapita uwezo wa mbao za nyumbani na inahitaji jukwaa la vyuma lililofungwa na watu wanaoijua kazi. Nyumba za ghorofa ambazo ngazi zake hupinda katikati huwa na nafuu, kwa kuwa kila kipande ni kifupi na pale panapopindia pana sakafu tambarare ambapo ngazi husimama bila taabu.

Funga ncha zote kwa kamba. Mbao zitokeze sentimita 20 hadi 30 kupita nguzo. Zikitokeza zaidi, atakayekanyaga ncha ataziinua, na zikitokeza kidogo zinaweza kuchomoka. Napendelea kamba ya katani kwa kuwa ni kavu na fundo lake hukaza, wakati fundo la nailoni hulegea pole pole bila mtu kujua. Upande ulio wazi, funga mti au ubao kwa urefu wa kiuno, si wa kuegemewa bali wa kukukumbusha kwa kukugusa pindi unaporudi nyuma. Ukishamaliza, panda mara ya kwanza bila rangi wala brashi, tembea kutoka ncha hadi ncha, chuchumaa, simama, kisha shuka ukaze tena mafundo, kwa sababu yote hulegea kidogo baada ya kubeba uzito wa kwanza.

Kuandaa njia na ukuta

Siku ya kazi, ngazi ya nyumba ifungwe kwa watu wote. Waambieni wazee na watoto tangu jana yake, chakula na maji vishushwe chini, na mlango wa chini uwekwe kizuizi kinachoonekana. Mtu anayepita chini ya jukwaa kwa haraka "dakika moja tu" ndiye anayegonga mguu wa ngazi.

Vidato visitandikwe nailoni. Nailoni juu ya vigae ni kama maji, na tone la rangi juu ya nailoni halikauki upesi. Tumia shuka kuukuu au magunia, yaliyobanwa kwa utepe wa karatasi wenye gundi kwenye kila kidato ili yafuate umbo lake, na uyaondoe kabisa mahali miguu ya ngazi itakaposimama. Vaa viatu vinavyofungwa vyenye soli ya raba. Ndara, kikoi, dera na kila vazi linaloning'inia viwekwe kando mpaka kazi ikwishe.

Zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya kugusa taa ya ngazini au kupitisha ngazi ya chuma karibu nayo, kisha ifunike taa kwa mfuko. Mwanga wa dirishani utakutosha asubuhi.

Ukuta wenyewe usafishwe kwanza kwa ufagio mrefu. Koga, ambayo hapa pwani haikosekani, ipakwe jiki iliyochanganywa sehemu moja kwa tatu za maji, kwa sponji iliyofungwa kwenye mpini, ukiwa umevaa miwani na madirisha yakiwa wazi. Iache robo saa kisha ioshe. Usichanganye jiki na dawa nyingine yoyote ya kusafishia, kwa kuwa mvuke unaotoka huumiza mapafu. Chumvi nyeupe inayochomoza ukutani isioshwe, kwani maji huiyeyusha na kuirudisha ndani. Ikwanguliwe kavu kwa brashi, na chanzo cha unyevu kitafutwe kwanza. Katika nyumba za zamani zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na lipu ya chokaa, rangi ya chokaa hukaa vizuri kuliko rangi ya plastiki, ambayo hufungia unyevu ndani kisha ikabambuka kwa mabamba. Chokaa huunguza macho, kwa hiyo miwani ni lazima. Lipu mpya ya saruji ipewe wiki nne kukauka.

Tahadhari moja zaidi kwa nyumba za kale: rangi ya mafuta ya miaka mingi huenda ina madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Usiipige msasa kavu. Lowesha ukuta, tumia msasa wa maji, vaa barakoa, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, na watoto wasiwepo.

Kupaka

Anza na dari, kisha ukanda wa juu wa ukuta wa mbele, kisha kuta za ubavuni kutoka juu kwenda chini. Ukiwa juu ya jukwaa, paka kona na ukingo wa dari kwa brashi ya inchi 2, na papo hapo upitishe rola kabla mstari wa brashi haujakauka. Mwisho wa chini wa eneo lako, pitisha rola iliyokwisha rangi ili ukingo ufifie badala ya kuacha mstari mnene. Mpini utakapokuja kutoka chini, muungano hautaonekana. Paka mikono yote miwili ya juu kabla ya kuvunja jukwaa. Unyevu wa Mombasa hufanya saa mbili zilizoandikwa kwenye kopo zisitoshe. Mimi husubiri saa nne au tano, na masika ikibisha hodi husubiri hadi kesho yake.

Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 25 na zaidi na haipaswi kupanda juu. Mimina theluthi ya kopo dogo, litundike kwa kulabu kwenye kipandio, na msaidizi akuongezee. Unapopanda au kushuka, miguu miwili na mkono mmoja, au mikono miwili na mguu mmoja, viwe vinagusa ngazi wakati wote, jambo lisilowezekana ukiwa umebeba kopo. Kitovu chako kisivuke ubavu wa ngazi. Ukiona unanyoosha mkono na kisigino kinainuka, shuka uisogeze ngazi. Kwenye ngazi ya kuegemeza peke yake, bila jukwaa, usifanye kazi zaidi ya nusu saa mfululizo, kwani miguu huchoka kabla ya mwenyewe kuhisi.

Msaidizi asiondoke. Kazi yake si kushika ngazi tu, bali pia kukutazama, kukwambia umesogea mno, na kumzuia anayekuja. Akiitwa na simu, shuka kwanza ndipo aende.

Ukimwita fundi

Ikiwa umbali wa nguzo umezidi, ikiwa huna msaidizi, au kama kimo kinakutia hofu, mwite fundi rangi bila kuona haya. Muulize atasimama juu ya nini kabla ya kumuuliza bei, na akikujibu kwamba atatafuta tofali, mtafute mwingine. Gharama ya jukwaa iandikwe katika makubaliano ili asishawishike kuiokoa. Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, lakini hata bila sheria, kijana anayepanda ukutani mwako ana mama anayemngoja jioni.

Mtu akianguka, asiinuliwe wala asiketishwe, hasa akilalamika shingo au mgongo. Mzuieni kichwa kisigeuke, mfunikeni, na mpige simu 999 au 112.

Kuvunja jukwaa

Ajali nyingine hutokea kazi ikiwa imekwisha, mikono imechoka na kila mtu anataka kuona ukuta. Shusha kwanza makopo na brashi, fungua kamba za ghorofani, watu wawili wateremshe mbao moja moja, na ngazi ya kuegemeza iondolewe mwisho. Toa magunia kuanzia kidato cha juu ukishuka, futa matone kwenye vigae yakiwa bado mabichi, na ukague kishikio kama kimelegea. Ngazi ya nyumba isifunguliwe mpaka vidato vikauke. Mbao zioshwe, zikaushwe kivulini na zilazwe tambarare juu ya matofali, mbali na mchwa, zikiwa na alama ya rangi ili mtu asije akazikata kwa kazi nyingine.